Glavu za begi au za sparing? Kwa bondia wa Kigoma mwenye pesa ya jozi moja

Nianze na jibu, maana najua wengi wanalotaka ni hilo tu. Kama kilabu chenu kina glavu za sparing, yaani za kupigana kwa mazoezi na mwenzako, ambazo bado ni nzima, nunua zako za begi la kupigia, aunsi 12 au 14 (aunsi ni uzito wa glavu moja), na usijibane kwa ajili ya jina la kampuni. Kama kilabu hakina, nunua za sparing, aunsi 16, na ukishazinunua usizipeleke kwenye begi. Ukiwa mwepesi, chini ya kilo 60 hivi, aunsi 14 zinatosha. Jozi moja ya "kazi zote" ndiyo wanayoiulizia karibu vijana wote, na ndiyo ninayowakataza nikipata nafasi. Sababu zangu nyingi zinatokana na namna tunavyofanya mazoezi huku Kigoma, kwenye uwanja wa shule au chini ya mwembe, na begi tulilolishona wenyewe.

Begi linataka hiki, mwenzako anataka kile

Glavu ya begi inalinda mkono wako. Glavu ya sparing inalinda uso wa mtu mwingine. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yanajijibu.

Kwa sababu begi halina pua wala meno, glavu yake hutengenezwa na sponji iliyoshikana, ngumu kidogo, yenye umbo dogo, ili konde litue pale ulipolilenga na vifundo vya vidole visiumie. Ya sparing ina sponji nene na laini zaidi, umbo lake pana, na mbele imejaa. Ukiziweka mezani bega kwa bega utaona tofauti kabla hata ya kuzishika: ya sparing imevimba mbele kwenye vifundo, ya begi imekaa kama ngumi yenyewe.

Glavu haimezi nguvu yote ya konde. Inaitawanya kwenye eneo kubwa zaidi na kuichelewesha kidogo, na hivyo kupunguza michaniko ya uso na kuvunjika kwa mifupa ya mkono. Kichwa bado kinatikisika. Kwa hiyo anayevaa aunsi 16 kisha akapiga sparing kwa nguvu zake zote akidhani mwenzake amelindwa, huyo hajaelewa sparing ni nini, na hakuna glavu itakayomsaidia mwenzake.

Sasa tuangalie mabegi yetu. Begi la kiwandani hujazwa vipande vya nguo vilivyoshindiliwa sawasawa kuanzia juu hadi chini. La kwetu mara nyingi ni salfeti mbili au tatu zilizovishwa moja juu ya nyingine, ndani kuna nguo chakavu na mchanga wa kuongeza uzito. Mwanzoni linapigika vizuri. Kadiri linavyopigwa, mchanga unachuja kati ya nguo unashuka, na baada ya muda sehemu ya chini inakuwa jiwe tupu. Kijana akijifunza kupiga mbavu anapiga pale pale. Wenye mabegi ya matairi wana taabu nyingine: tairi linarudisha konde, na kifundo cha mkono ndicho kinachopokea.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaosomeka kila mahali kwamba kwa begi aunsi 10 zinatosha. Zinatosha kwa begi laini. Kwa salfeti yenye mchanga, anza na aunsi 12, na kama una mwili mkubwa vaa 14. Mfupa unaovunjika mara nyingi kwa mtu anayepiga kitu kigumu ni ule wa kiganja unaoshika kidole kidogo, hasa konde likitua upande wa nje badala ya kwenye vifundo viwili vya kwanza. Kupona kwake ni suala la wiki kadhaa, na kwa fundi ujenzi au mvuvi wa Kibirizi hizo ni wiki za kukaa bila kipato.

Na kwa nini glavu za sparing zisipigie begi? Kwa sababu begi linaua sponji bila kuonyesha. Ngozi ya nje inabaki nzuri, rangi ipo, mshono upo, lakini pale mbele kwenye vifundo sponji imelala na haisimami tena. Wewe mwenye mkono ndani, uliyefunga bendeji, huenda usigundue mapema. Anayegundua ni mwenzako siku ya sparing, pale jebu yako nyepesi, lile konde la kunyoosha la mkono wa mbele, inapomtua kama umempiga mkono mtupu.

Sponji ndiyo glavu yenyewe

Hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda. Ukiniambia una pesa ya kupata ama ngozi nzuri ama sponji nzuri, nitakwambia chukua sponji, hata kama ngozi ni ya bandia.

Kuna sponji ya tabaka: vipande viwili, vitatu au zaidi vya ugumu tofauti, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Glavu hizi mwanzoni huwa ngumu, kisha zinalainika na kuufuata mkono wako. Kuna sponji ya kumimina, ambayo kiwandani humiminwa ndani ya umbo moja la ngumi, haina vipande. Hii inatoka sawasawa kila jozi, ndiyo maana glavu nyingi za bei ya chini na ya kati zinaitumia, na kwa begi inafanya kazi vizuri tu. Kasoro yake ni kwamba ikichoka haichoki taratibu. Inapasuka ndani, na baada ya hapo haina msaada.

Halafu kuna nywele za farasi. Glavu za Cleto Reyes za Mexico ndizo zilizoufanya ujazo huu ujulikane, na mabondia wenye konde zito wanazipenda ulingoni kwa sababu vifundo vinafika vizuri kwa mpinzani. Hiyo sifa ndiyo inayozifanya zisifae kwa sparing. Kinyume chake ni Winning za Japani, zinazosifiwa kwa kulinda mkono na kumhurumia anayepigwa. Jozi yake huuzwa zaidi ya dola 300, kwa hiyo kwetu tunaitaja kama watu wanavyolitaja gari la rais.

Ya nne ndiyo inayotusumbua madukani. Ndani yake kuna masalia ya sponji yaliyokatwakatwa na kusokomezwa. Glavu inaonekana nono, inang'aa, ina maandishi ya Kiingereza makubwa. Ukiibinya unahisi mabonge. Ukiipiga siku chache mabonge yanahamia pembeni na mbele panabaki kitambaa.

Kuijua kabla ya kulipa si kazi ngumu. Shika glavu kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono wa pili kibonyeze pale vifundo vinapokaa, bonyeza kwa nguvu kisha achia. Sponji nzuri inazama kidogo, inakataa, halafu inarudi yenyewe. Ikizama mpaka ukahisi kitambaa cha upande wa pili, iache. Ikibaki na shimo, iache pia. Sogeza gumba kulia na kushoto: ugumu uwe ule ule kuanzia kifundo cha kidole cha shahada hadi cha kidole kidogo. Wenye duka wengine hawapendi glavu zao zikibonyezwa hivyo. Nunua kwa asiyekasirika.

Jaribio la pili linawachekesha watu lakini halidanganyi. Vaa glavu, jigonge kipajini taratibu, kisha ongeza kidogo. Ukisikia mfupa wa kidole chako kwenye paji lako la uso, hicho ndicho mwenzako atakachosikia mara mia kwa jioni moja, na kwa nguvu zaidi. Kwa glavu ya begi unaweza kusamehe. Kwa ya sparing, irudishe kwenye msumari wake.

Aunsi, na mizani ya dagaa

Aunsi ni uzito wa glavu moja, si wa jozi, wala si ukubwa wa mkono. Aunsi moja ni gramu 28 na kitu. Kwa hiyo glavu ya aunsi 10 iwe na gramu 280 hivi, ya 12 gramu 340, ya 14 karibu 400, na ya 16 karibu 450. Tofauti ndogo ipo hata kwenye glavu za maana. Tofauti ya gramu mia siyo ndogo.

Maandishi ya kwenye mkanda yasikutoshe. Kijana mmoja alikuja na jozi imeandikwa 16, akisema, "Mwalimu, hizi orijino." Nikamwambia, "Orijino ya wapi, mdogo wangu? Twende kwa mama wa dagaa." Soko la Mwanga halikosi mizani, na wauza dagaa hawana shida ukiwaomba kwa adabu na glavu ikiwa safi. Tukaipima moja moja. Hazikufika hata uzito wa aunsi 12, na ya kushoto haikulingana na ya kulia. Mama alicheka, akauliza kama tunauza kwa kilo.

Lakini mizani peke yake haimalizi. Kuna glavu inayofikisha gramu zake kwa bitana nzito na mkanda mpana, huku mbele ni nyembamba. Pima, kisha bonyeza. Vyote viwili.

Vijana wengi wanazitaka glavu ndogo kwa sababu ndizo wanazoziona kwenye simu. Wanamtazama Hassan Mwakinyo akimmaliza Sam Eggington pale Birmingham mwaka 2018, raundi ya pili, na wanataka glavu kama zile. Zile ni za pambano. Kwenye ngumi za kulipwa kawaida ni aunsi 8 kwa mabondia wa mpaka kilo 66.7, na aunsi 10 kwa wazito zaidi. Kwenye ngumi za ridhaa, kule walikotoka na shaba Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022, zinatumika za 10 kwa wepesi na 12 kwa wazito. Lakini kwenye mazoezi ya kila siku mabondia wa daraja lao huvaa kubwa. Anayezoea aunsi 16 jioni, siku ya pambano mikono inakuwa miepesi na mabega hayachoki haraka.

Na zile ndogo kabisa zilizo wazi vidoleni, za aunsi 4, ni za mchezo mwingine wa kupigana na kukabana chini. Zinauzwa, zinapendeza, ni rahisi kubeba. Kwa sparing ya ngumi ni marufuku kwangu.

Ngozi ya kweli, ngozi ya bandia, plastiki

Hapa nitakwenda haraka. Ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi inadumu kuliko zote na inavumilia msuguano. Ngozi ya bandia iliyo nzuri inaifuata kwa karibu, na kwa bondia anayeanza haina aibu yoyote. Plastiki ngumu, ile inayong'aa kama viatu vya shule vipya, ndiyo inayokufa kwanza: inapata nyufa pale glavu inapokunjwa, kisha inaanza kumenyeka.

Kwa mazingira yetu kuna mambo mawili ya kuongeza. Salfeti ni kama msasa kwa glavu. Nyuzi zake za plastiki zinakwangua uso wa glavu kila konde likiteleza, na ngozi ya bandia inaanza kuchubuka mbele kabla sponji haijachoka. Dawa yake ni kulivisha begi turubai au suruali ya jinzi iliyokatwa, siyo kununua glavu ghali zaidi. Jambo la pili ni unyevu. Tuko kando ya ziwa, na kuanzia Novemba mvua zikishika, glavu iliyofungiwa kwenye begi la mgongoni ikiwa na jasho inaota ukungu upesi. Ngozi ya kweli isiyotunzwa inaoza. Ya bandia inanuka tu. Kwa hiyo usinunue ngozi ya kweli kama unajijua huna tabia ya kutunza vitu. Utakuwa umelipia uozo.

Kuhusu majina: glavu nyingi sana duniani, zikiwemo za kampuni zenye majina makubwa, zinashonwa Sialkot, Pakistan. Ukiona imeandikwa imetengenezwa Pakistan, hilo si kosa wala si sifa. Everlast ya Marekani, iliyoanza mwaka 1910, inauza glavu za kila ngazi, kuanzia za mtu anayetaka kupunguza kitambi hadi za mabingwa, kwa hiyo kusema tu "ni Everlast" hakujaniambia chochote. Na nembo yake inabandikwa hata kwenye vitu ambavyo kampuni yenyewe haijawahi kuviona. Angalia tahajia ya jina, angalia kama nembo imeshonwa au imebandikwa kwa gundi, kisha rudi kwenye sponji.

Mkanda au kamba, na kile kidole gumba

Glavu za kamba zinabana kifundo cha mkono vizuri kuliko kitu chochote, na zinamlinda mwenzako kwa sababu hazina ukingo mgumu. Lakini huwezi kujifunga mwenyewe. Kwenye kilabu cha watu sita na kocha mmoja, anayehitaji kufungwa na kufunguliwa kila akitaka maji anageuka kero. Nunua za mkanda wa velkro. Chagua mkanda mpana unaozunguka kifundo chote, siyo kile kipande kifupi kinachogusa upande mmoja tu.

Vumbi letu jekundu la kiangazi linaziba meno ya velkro mpaka mkanda unafunguka katikati ya raundi. Chukua mswaki wa zamani, ukwangue. Na siku ya sparing zungusha plasta juu ya mkanda, kwa sababu ukingo wake ukipita shavuni unachana ngozi kama kucha.

Kidole gumba kiwe kimeunganishwa na glavu kwa kipande cha ngozi. Kikiwa huru, kinaingia jichoni mwa mwenzako au kinapinda kikigonga kiwiko. Kwa glavu ya begi gumba huru linavumilika. Kwa sparing halina mjadala.

Kuhusu kukaa mkononi: jaribu ukiwa umefunga bendeji, siyo mkono mtupu. Bendeji ya mita nne na nusu, yenye kuvutika kidogo, inajaza nafasi kuliko unavyofikiri. Vidole vifike mwisho bila kujikunja kwa nguvu, na ngumi ifunge bila kupigana na glavu. Ikikupasa kukaza mkono muda wote ili uifunge, dakika mbili tu mkono mzima utakuwa umechoka hadi begani. Mabinti na vijana wenye viganja vyembamba wanapata shida kwenye aunsi 16 nyingi, kwa sababu chumba cha ndani kimekatwa kwa mwanaume mkubwa na mkono unaelea. Kwao ni bora 14 inayobana vizuri kuliko 16 inayozunguka. Watoto wa shule ya msingi aunsi 8 zinawatosha, kwa padi anazoshika kocha na begi jepesi, na sparing yao iwe ya kugusana.

Dukani Mwanga, kwa simu Kariakoo, au mitumba

Faida ya duka la hapa ni moja, nayo ni kubwa: unabonyeza, unavaa, unapima. Hasara ni kwamba zinazoletwa ni za plastiki na uchaguzi ni wa rangi zaidi kuliko wa aunsi. Glavu ya begi unaweza kuipata hapa ukiwa na subira na gumba lako. Ya sparing iliyo sawa ni nadra.

Kariakoo kuna kila kitu, cha kweli na cha kuigiza, na wauzaji wako kwenye simu. Kati yako na yeye ziko kilomita 1,250 hivi za reli, na kurudisha kitu kilichokukataa ni gharama nyingine ya basi na ugomvi. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa mwombe mambo manne: picha ya glavu ikiwa juu ya mizani, picha ya ndani ikionyesha bitana, picha ya upande wa kiganja na gumba, na video fupi akiibonyeza pale mbele. Muuzaji mzoefu anayetaka biashara anatuma ndani ya nusu saa. Anayekwambia "wewe niamini tu kaka, mzigo upo vizuri" mwache na mzigo wake. Agizeni wengi kwa pamoja, kifurushi kimoja, mgawane nauli.

Mitumba ndiko nilikoona glavu bora kwa bei ya chini, na ndiko nilikoona takataka mbaya kuliko zote. Ngozi ya kweli, kampuni ya maana, imevaliwa na mtu aliyeacha mazoezi baada ya mwezi: zinatokea. Lakini nyingi zimekuja huku kwa sababu zimekwisha. Ingiza mkono ndani kabisa mpaka ncha za vidole, tafuta bitana iliyochanika, maana kidole kitanasa pale kila siku. Nusa. Harufu ya jasho inatoka ukizipigia hewa. Harufu ya ukungu uliokomaa haitoki. Kisha gumba lifanye kazi yake, na hapa liwe kali zaidi kuliko kwenye glavu mpya, maana sponji iliyolala haifufuki. Mtumba uliofaulu vipimo vyote naupokea kwa begi bila kusita. Kwa sparing naupokea mara chache sana.

Kwa bei, jozi moja ya ngozi ya kweli kwa kawaida inanunua jozi mbili au tatu za plastiki. Ndiyo maana nawashauri watu wa kilabu kimoja wachangishane. Jozi mbili nzuri za aunsi 16 na mbili za 14, zikakaa kwa kocha, zikatoka siku za sparing tu, zinahudumia watu kumi na zaidi, na mnajua nyote kwamba hazijawahi kugusa salfeti. Baada ya hapo kila mtu ajinunulie glavu zake za begi na bendeji zake, na bendeji asimwazime mtu, hata ndugu yake. Kwa watu wa kipato chetu sijaona mpango unaoushinda huo. Kikwazo chake ni mtu mmoja: yule anayeomba funguo Jumapili "akajinyooshe kidogo" na glavu za kilabu kwenye begi. Mkatalieni mapema.

Kuzitunza, na siku ya kuziachisha kazi

Mazoezi yakiisha fungua mkanda mpaka mwisho, futa ndani kwa kitambaa kikavu, jaza magazeti, ziweke kivulini penye upepo, mdomo ukiangalia juu. Siyo juu ya bati, siyo kwenye dashibodi ya bajaji, siyo karibu na jiko. Joto kali linakausha ngozi, linaachanisha gundi na kuidhoofisha sponji. Magazeti ya jana yatoe, usiyaache yakae na jasho. Ngozi ya kweli ipake mafuta kidogo sana mara moja moja, nje tu. Usizifue kwa kuzitumbukiza kwenye ndoo, hata zikinuka vipi. Maji yakiingia kwenye sponji nene, kwenye hewa yetu ya ziwani hayatoki yote.

Kila mwezi kocha apitishe gumba lake kwenye glavu zote za sparing. Iliyoanza kuzama ihamie kwenye begi siku hiyo hiyo, na ichorwe alama kubwa ya kalamu ya wino mkanda mzima ili asije mtu akaichukua kimakosa. Ikichoka na kwenye begi, kata ile mikanda ya velkro utunze, maana fundi cherehani yeyote anaweza kuishonea kwenye glavu ambayo mkanda wake umekufa kabla ya sponji. Mwili uliobaki uukatekate, uingie ndani ya salfeti mahali pa ule mchanga.